Waingereza waliikataa kura ya namba mwaka 2011: mifumo iliyobaki mezani ikilinganishwa

Tarehe 5 Mei 2011 wapigakura wa Uingereza waliulizwa kama wangependa kuacha mfumo wao wa zamani wa kuchagua wabunge na kuanza kupanga wagombea kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Jibu lilikuwa zito. Kura 13,013,123 zilisema hapana na 6,152,607 zikasema ndiyo, yaani 67.9% dhidi ya 32.1%. Kati ya maeneo 440 ya kuhesabia kura, ni kumi tu yaliyokubali: sita ya London (Camden, Hackney, Haringey, Islington, Lambeth na Southwark), miji ya Cambridge na Oxford, na majimbo mawili ya Scotland, Edinburgh Central na Glasgow Kelvin.

Tangu siku hiyo kila anayetaja mabadiliko huambiwa wananchi walishaamua. Ukweli ni kwamba waliamua juu ya mfumo mmoja tu. Uwiano wa viti na kura, jambo ambalo wapenda mabadiliko wengi walikuwa wanalidai, haukuwamo kabisa kwenye karatasi ile. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na malalamiko yenyewe, kwa sababu kila mfumo una lalamiko unalolitibu na mengine usiyoyagusa.

Ugonjwa ni upi?

Malalamiko ni matatu, na watu huyachanganya.

La kwanza ni la jimboni: mtu anashinda huku wengi wakiwa wamemkataa. Mwaka 2024 katika jimbo la South West Norfolk, mgombea wa Labour alimwangusha Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu, kwa kura 11,847 dhidi ya 11,217. Ushindi huo ulikuwa 26.7% ya kura halali. Karibu watu watatu kati ya wanne walimtaka mwingine.

La pili ni la bungeni: viti havilingani na kura za nchi nzima. Mwaka huohuo Labour ilipata 33.7% ya kura na kuondoka na viti 411 kati ya 650. Reform UK ilipata 14.3% na viti 5. Liberal Democrats walipata 12.2%, pungufu ya Reform, lakini wakapewa viti 72, kwa sababu kura zao zilikuwa zimekusanyika kwenye majimbo machache huku za Reform zikiwa zimetawanyika kila mahali. Mwaka 2015 UKIP ilikuwa imeambulia kiti kimoja kwa kura karibu milioni 3.9.

La tatu ni la mpigakura mwenyewe: anakaa katika jimbo ambalo chama kimoja hushinda siku zote, na ndani ya chama hicho amewekewa jina moja tu. Hana pa kuchagua.

Mkenya au Mtanzania hahitaji kuelezwa mfumo wa sasa wa Uingereza, kwa kuwa wabunge wa majimbo kwao huchaguliwa hivyohivyo: alama moja, mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata akizidi kwa moja. Sifa zake ni za kweli. Kuhesabu ni kwa mkono na matokeo hutoka usiku uleule, kila jimbo lina mbunge mmoja anayejulikana, na karatasi ya kura haimchanganyi mtu. Kwa malalamiko yale matatu, hata hivyo, hautibu hata moja.

Kura ya namba: ile iliyokataliwa

Jimbo linabaki na mbunge mmoja. Mpigakura anaandika 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kadhalika. Namba 1 zinahesabiwa kwanza. Mwenye zaidi ya nusu ameshinda. Asipopatikana, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinagawiwa kwa wale waliopewa namba 2, kisha hesabu inarudiwa mpaka mtu avuke nusu.

Tuirudie South West Norfolk. Kura halali zilikuwa zaidi kidogo ya 44,000, kwa hiyo mshindi angehitaji zaidi ya 22,000. Mwenye 11,847 angelazimika kuokota kama 10,000 nyingine kutoka kwa walioondolewa. Pengine angezipata, pengine zingemwendea Truss. Lakini kila mmoja angelazimika kuzungumza na watu ambao si wa chama chake, na hilo ndilo jema kubwa la mfumo huu.

Una kasoro mbili za kiufundi. Kwanza, pendekezo la 2011 liliruhusu mtu aweke namba kwa wagombea wachache tu, hata mmoja. Karatasi iliyoishiwa namba hutolewa kwenye hesabu, kwa hiyo mshindi anaweza kuwa na nusu ya karatasi zilizobaki bila kuwa na nusu ya zote zilizopigwa. Australia, inayotumia mfumo huu kwa bunge lake la chini tangu 1918, humlazimisha mpigakura aweke namba kwa wagombea wote. Hiyo inaondoa tatizo hilo na kuleta jingine: karatasi nyingi huharibika kwa kurukwa au kurudiwa namba.

Pili, na hapa ndipo jengo lilipobomoka, mfumo huu hauleti uwiano. Unatibu lalamiko la kwanza peke yake. Tume ya Roy Jenkins, iliyochunguza mfumo wa uchaguzi wa Uingereza, ilisema hivyo mwaka 1998: ukitumika peke yake unaweza hata kuukuza ushindi mkubwa, kama ule wa Labour wa 1997. Tume ikashauri uongezewe wabunge wa kufidia, kama 15% hadi 20% ya bunge lote. Ushauri huo haukupelekwa kwa wananchi.

Basi kwa nini uliletwa wenyewe mwaka 2011? Kwa sababu ndio uliobaki baada ya majadiliano ya serikali ya muungano ya 2010, kati ya Conservative na Liberal Democrats. Conservative hawakutaka mabadiliko. Liberal Democrats walitaka kura inayohamishika, ambayo tutaifikia. Nick Clegg, kiongozi wao, kabla ya uchaguzi alikuwa ameuita mfumo huuhuu maafikiano madogo yasiyo na heri. Mwaka mmoja baadaye alisimama kuutetea. Kampeni ya mtu anayetetea asichokitaka huonekana usoni, na Clegg alikuwa tayari amekwishapoteza imani ya vijana baada ya ada za vyuo vikuu kuruhusiwa kupanda hadi pauni 9,000 mwezi Desemba 2010. Kiongozi wa Labour, Ed Miliband, aliunga mkono huku wabunge wake wengi wakipinga.

Upande wa hapana ulikuwa na silaha rahisi: gharama. Mabango yao yalionyesha mtoto mchanga hospitalini na kudai mfumo mpya ungegharimu pauni milioni 250. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na fedha za mashine za kuhesabia kura, ilhali sheria haikuagiza mashine yoyote, na Australia huhesabu kura za bunge lake la chini kwa mkono. Upande wa ndiyo ulijibu kwa kuchelewa na kwa maneno ya jumla kuhusu wabunge kufanya kazi kwa bidii zaidi. Haukuweza kumwambia mpigakura wa UKIP au wa Greens kwamba chama chake kingepata viti vingi zaidi, kwa kuwa haikuwa kweli.

Mfumo mseto: jimbo na orodha pamoja

Scotland na Wales waliuanza mwaka 1999. Mpigakura anapewa kura mbili: moja ya mbunge wa jimbo, kwa njia ya zamani, na moja ya chama katika kanda. Bunge la Scotland lina viti 129: 73 vya majimbo na 56 vya kanda, yaani kanda nane zenye viti saba kila moja. Viti vya kanda hutumika kufidia vyama vilivyopunjwa kwenye majimbo.

Hesabu yake inafaa kuonwa kwa mfano halisi. Mwaka 2021 kanda ya Glasgow ilikuwa na majimbo tisa na SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge, ilishinda yote. Kura za chama zilikuwa takriban hivi: SNP 133,900, Labour 74,100, Conservative 37,000, Greens 36,100. Kura za kila chama hugawanywa kwa idadi ya viti kilivyokwishapata, jumlisha moja. SNP ina tisa, kwa hiyo inagawanywa kwa kumi: 13,390. Wengine hawana kitu, wanagawanywa kwa moja.

Kiti cha kwanza kinakwenda Labour kwa 74,100, nayo sasa inagawanywa kwa mbili na kubaki na 37,050, ambayo bado inaizidi Conservative, hivyo cha pili pia ni chao. Cha tatu Conservative (37,000). Cha nne Greens (36,100). Cha tano Labour (24,700). Cha sita Labour tena (18,525). Cha saba kinagombewa na Conservative yenye 18,500 na Greens yenye 18,050, Conservative wanakichukua. Jumla: Labour vinne, Conservative viwili, Greens kimoja. Bila kura ya pili, wapigakura wote wa vyama hivyo vitatu Glasgow wasingekuwa na mwakilishi hata mmoja.

Mfumo huu unatibu lalamiko la pili vizuri, na unambakizia mpigakura mbunge wake wa jimbo, kitu ambacho Waingereza wanakithamini kweli. Lalamiko la kwanza linabaki palepale kwenye majimbo. La tatu linabaki pia, kwa sababu majina kwenye orodha hupangwa na chama. Mtanzania anayejua jinsi viti maalumu vinavyojazwa kutoka kwenye orodha za vyama ataelewa mara moja manung'uniko yanayofuata: nani alimweka wa kwanza, na kwa sababu gani. Dawa ipo, nayo ni orodha ya wazi, ambapo mpigakura anatia alama kwa jina ndani ya orodha na wenye alama nyingi wanatangulia. Tume ya Jenkins ilikuwa imependekeza kitu cha namna hiyo.

Na kuna la kujihadhari nalo kwenye uchapaji. Mwezi Mei 2007 Scotland iliweka kura zote mbili kwenye karatasi moja, safu mbili bega kwa bega. Siku hiyohiyo ilifanya uchaguzi wa madiwani kwa mfumo mwingine wa namba. Watu wakaweka alama ya msalaba palipotakiwa namba, namba palipotakiwa msalaba, na wengine wakatia alama mbili katika safu moja. Zaidi ya kura 140,000 za bunge zilikataliwa. Uchunguzi wa Ron Gould, mtaalamu kutoka Canada, ulishauri karatasi zitenganishwe na chaguzi hizo zisifanywe siku moja, na hivyo ndivyo ilivyofanyika baadaye. Yeyote anayeilaumu hesabu ya mfumo mseto kwa fujo ile aitazame kwanza karatasi yenyewe.

Kura inayohamishika: namba, lakini jimbo la viti kadhaa

Hapa namba zinarudi, ila jimbo ni kubwa na linatoa wabunge watatu hadi watano, wakati mwingine sita. Ireland inautumia tangu 1922. Ireland ya Kaskazini huchagua wajumbe 90 wa bunge lake katika majimbo 18 ya viti vitano. Madiwani wa Scotland huchaguliwa hivi tangu 2007.

Chukua jimbo la viti vitano lenye kura halali 60,000. Gawanya kwa viti jumlisha moja, yaani sita, unapata 10,000. Ongeza moja: 10,001. Hicho ndicho kiwango cha kushinda, kwa sababu watu sita hawawezi wote kukifikia. Mgombea mwenye namba 1 kutoka kwa watu 15,000 ameshinda na ana ziada ya 4,999. Ziada hiyo haitupwi. Katika namna inayotumika Scotland, karatasi zake zote 15,000 huhamia kwa wenye namba 2, kila moja ikiwa na thamani ya 4,999 gawanya kwa 15,000, karibu theluthi moja ya kura. Ziada zikiisha na viti vikabaki, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinahama kwa thamani yake kamili.

Ni mfumo pekee kati ya hii unaogusa malalamiko yote matatu. Chama kinaweka wagombea wawili au watatu na mpigakura ndiye anayeamua yupi wa kwanza. Uwiano wake hutegemea ukubwa wa jimbo, na hapa wanasiasa wanajua pa kubana: jimbo la viti vitatu hutaka karibu 25% ya kura ili kupata kiti, la vitano hutaka karibu 17%. Anayekuahidi mfumo huu kwa majimbo ya viti vitatu anakupa jina la mfumo na kukunyima sehemu kubwa ya faida yake.

Matatizo yake ni ya kweli. Kuhesabu kwa mkono huchukua siku kadhaa, kama Ireland. Scotland hutumia mashine, nazo zina gharama yake. Majimbo ya mashambani huwa mapana mno, na katika milima ya kaskazini ya Scotland jimbo la wabunge watano lingekuwa safari ya siku nzima kulivuka. Halafu kuna alfabeti: majina yakipangwa kwa herufi, chama chenye wagombea wawili huona yule wa juu akipewa namba 1 kwa wingi kuliko mwenzake wa chini, bila sababu nyingine yoyote. Kubadilisha mpangilio wa majina kutoka karatasi hadi karatasi kunapunguza hilo, lakini wasimamizi wa uchaguzi hawaupendi utaratibu huo kwa kuwa unazidisha kazi ya uchapaji na uhakiki.

Wananchi wa Ireland walipelekewa pendekezo la kuurudisha mfumo wa Kiingereza mara mbili, 1959 na 1968. Walikataa mara zote mbili. Mara ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo, 51.8% kwa 48.2%, mara ya pili zaidi ya 60% walisema hapana. Watu huulinda mfumo walioushika mikononi.

Orodha tupu, na duru mbili

Orodha ya chama bila majimbo ya mbunge mmoja ndiyo rahisi kuliko yote kuihesabu. Uingereza iliitumia kwa wabunge wa Ulaya kuanzia 1999 hadi 2019. Wales, kwa sheria ya 2024, imeamua kuhamia huko: wajumbe 96, majimbo 16 ya viti sita, orodha iliyofungwa. Uwiano ni mzuri kiasi, ila nguvu yote ya majina iko kwa chama. Naona Wales wametibu lalamiko moja kwa kuzidisha jingine.

Duru mbili ni za Ufaransa, na Mkenya anazijua kutokana na urais: nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na 25% katika kaunti zisizopungua 24, la sivyo watu warudi vituoni ndani ya siku 30. Kwa bunge, lalamiko la kwanza pekee ndilo linalotibiwa, kama kura ya namba, lakini kwa kulipia uchaguzi mara mbili.

| Mfumo | Mshindi wa wengi jimboni | Uwiano bungeni | Mpigakura huchagua ndani ya chama | Hesabu |
|---|---|---|---|---|
| Mwenye kura nyingi | Hapana | Hapana | Hapana | Usiku uleule |
| Kura ya namba | Ndiyo, mara nyingi | Hapana | Hapana | Mkono, siku moja |
| Mseto | Hapana | Ndiyo | Orodha ikiwa wazi tu | Mkono, siku moja au mbili |
| Inayohamishika | Kwa kiwango | Ndiyo, viti vikiwa 5 | Ndiyo | Siku kadhaa, au mashine |
| Orodha | Haihusiki | Ndiyo | Ikiwa wazi tu | Rahisi |
| Duru mbili | Ndiyo, mara nyingi | Hapana | Hapana | Uchaguzi mara mbili |

Uchaguzi wangu, na namna ya kuuliza

Kwa bunge la Westminster, yaani bunge kuu la Uingereza, ningechagua mseto wenye orodha ya wazi na karatasi mbili tofauti. Kura inayohamishika ni bora kinadharia, na mahali ambapo watu wamekwishaizoea sina sababu ya kuwaondoa. Lakini mpigakura wa Uingereza atauliza kwanza, "Mbunge wangu ni nani?", na mseto una jibu fupi. Kwa anayechukizwa zaidi na majimbo ya chama kimoja kuliko kitu kingine chochote, kura inayohamishika ya viti vitano ndiyo sahihi, akubali tu kusubiri matokeo.

Namna ya kuuliza ina uzito sawa na mfumo wenyewe. New Zealand walikwenda kwa hatua. Tume ya kifalme ilitoa ripoti yake 1986. Mwaka 1992 wananchi waliulizwa maswali mawili: mnataka kubadili? Na kama tutabadili, upi kati ya hii minne? Karibu 85% walitaka mabadiliko na karibu 70% wakachagua mseto. Mwaka 1993, siku ya uchaguzi mkuu, ndipo mseto ulipopambanishwa na mfumo wa zamani, na ukashinda kwa 53.9%. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1996. Mwaka 2011, mwaka uleule wa kushindwa kwa Waingereza, waliulizwa tena kama wanautaka, na 57.8% wakaubakiza.

Jimbo la British Columbia nchini Canada linaonyesha njia mbili za kuharibu. Mwaka 2005 pendekezo la kura inayohamishika, lililotungwa na baraza la wananchi wa kawaida, lilipata 57.7%, lakini serikali ilikuwa imeweka kizingiti cha 60%. Likafa. Mwaka 2018 maswali mawili yaliulizwa kwa pamoja, kwa posta, yakiwa na mifumo mitatu ya kuchagua, miwili kati yake ikiwa haijawahi kutumika popote duniani, na mambo mengi ya ramani na idadi ya viti yakiachwa yaamuliwe baadaye. Asilimia 61.3 walibaki na cha zamani, na mtu hawezi kuwalaumu kwa kukataa kusaini mkataba wenye nafasi tupu.

Kwa hiyo kabla swali halijachapishwa tena Uingereza, vitu vinne viwe mikononi mwa watu: ramani ya majimbo mapya, sampuli ya karatasi ya kura iliyokwisha kujaribiwa na wapigakura halisi, kanuni ya nani anapanga orodha, na makisio ya gharama kutoka chombo huru. Kizingiti kiwe nusu ya kura halali. Tarehe isigongane na uchaguzi unaotumia karatasi ya namna nyingine.